Salamu ya Ng'ambo ya Barabara

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, kwenye barabara ya Ayany, Kibera. Nilikuwepo, lakini sikuona ikianza. Saa hiyo naijua kwa sababu habuba ameitaja mara nyingi kuliko anavyoutaja mwaka wake wa kuzaliwa. Alikuwa ameshaswali alasiri, anasema, akatoka kununua sukuma wiki aliyoisahau asubuhi, akamwuliza mama mboga saa ngapi. Mama mboga akamwambia. Alipoinua kichwa akaniona ng'ambo ya barabara.

Habuba ni mama mzazi wa mama yangu. Kwao Wanubi wa Kibera bibi huitwa hivyo, na mimi ni Mnubi wa upande mmoja. Upande wa pili ni baba, Mkamba wa Kitui, seremala. Tunaishi Gatina, Kawangware, ghorofa ya tatu, na kila Jumamosi asubuhi mimi huenda Kibera kumsaidia habuba kusugua sufuria kubwa na kuchambua mchele. Jumamosi hiyo sikwenda. Tulikuwa na kundi la kusoma kemia kwa mwenzetu anayekaa Ayany, na jioni tukatoka watatu, tukicheka jambo ambalo leo hata silikumbuki.

Kwa maelezo ya habuba, alinipungia mkono. Nikamtazama usoni. Akaniita. Bodaboda ikapita kati yetu. Nikamtazama tena, kisha nikageuza shingo, nikaendelea kucheka na wenzangu.

Kwa maelezo yangu, ng'ambo ya barabara kulikuwa na kitu cha manjano. Kingeweza kuwa leso iliyoanikwa, au jerikani za mafuta, au bango la kampuni ya simu. Vitu vya ng'ambo kwangu vilikuwa hivyo tangu zamani: vina rangi, havina majina. Nilidhani kila mtu huona hivyo, na kwamba watu wanaotambuana toka mbali wana ujanja fulani wa kubahatisha ambao mimi, kwa aibu zangu, sijafundishwa.

Kabla ya magharibi habuba alikuwa amempigia mama simu. Mama alikuwa anakanda unga, kwa hivyo akaiweka spika, na mimi nikasikia yote nikiwa nimesimama mlangoni na beseni.

"Mwanao amenipita leo kama mlingoti wa stima," habuba alisema. Mama akajaribu kuuliza wapi, lini, lakini habuba hakuwa amemaliza. Sauti yake ilishuka. "Miaka yote hii sikuwa naona. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akinipita."

Hayo ndiyo maneno yaliyoniingia. Ili uyaelewe lazima nikueleze habari ya macho ya habuba.

Mpaka mwaka jana alikuwa karibu kipofu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alitujua kwa sauti na kwa namna tunavyovua viatu mlangoni. Kwa muda mrefu tulimsihi aende hospitali, akakataa, kwa sababu mama yake mwenyewe alipofushwa na ugonjwa huohuo, na zama zile hakuna mtu pale mtaani aliyeuona kuwa ugonjwa. Ulihesabiwa kuwa uzee tu, kama mvi. Mzee akiwa kipofu anapewa fimbo, na mtoto mmoja wa nyumba anapewa ncha ya pili ya fimbo. Mtoto huyo alikuwa habuba.

Miwani nayo ilikuwa mambo ya kubahatisha. Babu alinunua yake kwa mchuuzi aliyeitandaza kwenye gunia sokoni. Mtihani ulikuwa mmoja: mchuuzi anakupa sindano na uzi, unavaa, unatia uzi, ukiingia hiyo ndiyo yako. Babu hakuwahi kutia uzi kwenye sindano hata ujanani, mikono yake ilitetemeka. Mchuuzi akachoka kungoja, akautia yeye, na babu akanunua ile miwani kwa furaha. Babu alipokufa, habuba akairithi. Mkono mmoja ulivunjika ukafungwa kwa uzi wa kufumia. Kina mama wapangaji wa ploti walikuja kuiazima kusoma maandishi ya chupa za dawa, kila mmoja na macho yake, miwani ileile.

Hatimaye mama alimshinda habuba kwa kumwambia kwamba siku hizi mtu hata halazwi hospitali. Na kweli. Alipelekwa asubuhi, jioni alikuwa nyumbani na bandeji kwenye jicho moja, analalamika kwamba hawakumpa chai. Kesho yake ikatolewa. Waliondoa ule ukungu na kumwekea lenzi mahali pake, kadiri ya punje ya dengu. Baadaye wakafanya jicho la pili. "Nimevaa miwani kwa ndani," huwaambia majirani, na hukubali waje karibu wachungulie. Siku ile ya kwanza aliona vumbi lote tulilokuwa tukimwambia tumefagia. Akatugombeza mpaka adhuhuri. Kisha akamtazama mama kwa muda na kumwambia, pole, mwanangu, umezeeka.

Kwa hivyo Jumamosi ile pale Ayany, bibi mwenye macho mapya alikuwa anaona hadi ng'ambo ya barabara, na mjukuu wa Form Three haoni. Lakini nani angefikiria hivyo? Mama aliniuliza kama nilimwona. Nikasema sikumwona. Akasema nisimame vizuri nijibu kama mtu. Nikasema tena, sikumwona, na hata masikioni mwangu ilisikika kama uongo, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya kila anayempita mtu makusudi. Mama akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi, kwamba habuba anadhani ninamwonea haya mbele ya wenzangu. Leso zake, Kinubi chake, Kibera yake.

Nilitaka kusema mengi. Mimi nikitakiwa kusema mengi huwa nasema kidogo, nikitakiwa kusema kidogo nanyamaza. Nikaenda kuliosha lile beseni.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Pale kwetu Gatina nina jina, nalo ni Madharau. Alinipa mama wa chini anayeuza viazi karai, kwa sababu kila akiniashiria toka kwenye karai lake, sijibu. Watoto wakalishika. Basi nikazoea kutembea nikiangalia chini. Ukiangalia chini hakuna anayekudai salamu, na matope unayaona vizuri.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa habuba mapema. Hakunifukuza. Laiti angenifukuza. Alinifungulia mlango akasema, "Karibu, mgeni." Akaniketisha sebuleni kwenye mkeka mzuri, ule wa watu wa harusi. Akaniletea chai kwenye sinia, kikombe chenye sahani, na mandazi yamefunikwa kwa kile kifuniko cha ukili wa rangi alichofuma mwenyewe. Nilipoinuka kwenda kwenye sufuria zangu akasema hapana, mgeni haoshi vyombo. Mtoto wa mpangaji ndiye aliyekuwa akizisugua uani, nazisikia.

Katika nyumba ile mimi sijawahi kuletewa chai. Mtu wa nyumbani anaingia jikoni, anachukua kikombe chochote, hata kile kilichovunjika mkono, anajimiminia. Nilikunywa ile chai ya sinia. Ilikuwa tamu sana, kama ya mgeni.

Wiki iliyofuata, katikati ya wiki, watu wa macho walikuja shuleni.

Nilishapimwa macho zamani, nikiwa shule ya msingi. Walibandika karatasi moja ya herufi ukutani, tukapanga mstari mrefu, na kila mtu akasoma kwa sauti. Kufikia zamu ya mtu wa kumi, darasa zima lilikuwa limeshaikariri ile karatasi. Tuliiimba kama sala ya asubuhi, mpaka na mstari wa chini. Tulipita wote, hata msichana mmoja aliyekuwa akijigonga kwenye lango la shule kila siku kwa kutoliona. Mwalimu akatusifu kwamba tuna macho mazuri.

Safari hii hapakuwa na karatasi. Alikuja kijana na dada mmoja, na simu tu mkononi. Unaketi huku, dada anasimama mbali na simu, na kwenye kioo kuna herufi E moja peke yake. Huambiwi usome. Unaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi: juu, chini, kushoto, kulia. Ukijibu, anapangusa kidole, E inageuka na kubadilika ukubwa. Na kila mtu anapata zake. Vijana wa nyuma walijaribu kunong'onezana, wakagundua haikaririki, wakasusa.

Mimi niliipenda kwa sababu moja: sikuhitajika kusema neno. Nikaonyesha ya kwanza, juu. Ya pili, kulia. Ya tatu ilikuwa doa. Nikangoja ijitengeneze. Dada akasema nibahatishe tu, hakuna kosa. Nikaonyesha chini. Akaja na nyingine. Mkono wangu ukabaki hewani kama wa mtu anayesimamisha gari. Kijana akaniwekea lenzi moja ya duara mbele ya jicho, na lile doa likapata miguu, mitatu, imeelekea kushoto, wazi kabisa. Nikaonyesha kushoto haraka, kwa hofu itaondoka.

Nilirudi kwenye dawati. Jirani yangu wa dawati, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinisomea ubaoni kwa sauti ya chini bila kuuliza kwa nini, alinitazama kama amepata jibu la hesabu.

"Manze," akasema. "Kumbe huringi. Ni vile huoni."

Nikamwambia sijui.

"Ile Jumamosi ya kemia pale Ayany, yule shosh wa leso ya manjano alikuwa anakupungia mkono. Nilidhani hamjuani."

Niliweka kichwa kwenye dawati. Yeye, ambaye hawezi kukaa kimya, alichukulia jambo hili kama kazi mpya. Tulipotoka akanishika mkono na kuanza kuninong'oneza. Huyo anakuja ni mwalimu wa hesabu, salimia. Huyo ni prifekti, mwachie njia. Huyo ni yule boi unamwandika kwa diary. Nikamwambia sijaandika mtu. Akasema, "Basi mbona umesimama?" Nilisalimia watu wengi siku hiyo kuliko mwaka mzima, na wengine walishtuka.

Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu ya mama kabla sijafika. Mama husuka nywele mtaani Kabiro, na aliusoma mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja: mtoto wako haoni vizuri mbali, mlete kliniki. Nilipomkuta alikuwa ameketi kwenye kiti cha mteja, na mteja amesimama na nusu ya kichwa.

"Ulisema hukumwona," mama akasema.

Nikasema ndiyo.

Akarudi kusuka. Alisuka mstari mzima. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia juu ya ile fimbo. Kazi ya mtoto wa fimbo, alisema, haikuwa kumwongoza kipofu asianguke. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa salamu. Habuba akiwa mdogo alitembea na mama yake Kibera nzima, na kila alipoona mtu anakuja alinong'ona jina lake: mama, anakuja fulani, yuko na mtoto mgongoni. Mama yake akasalimia kwanza, kwa jina, na kumuulizia mtoto. Watu wakasema yule mama ni kipofu lakini hana kiburi. Habuba alijivunia hilo maisha yake yote. Nyumba yao haikumpita mtu.

Mteja, ambaye hakuulizwa, akasema hiyo ni hadithi nzuri na tafadhali aendelee upande wa kushoto.

Kliniki iko hapahapa Kawangware, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilidhani daktari atakuwa mzee. Alikuwa dada wa makamo mwenye miwani nyekundu. Alinivisha kitu kizito cha chuma puani, chenye nafasi za kuchomeka lenzi, na kuanza kuzibadilisha. Hii ama hii? Sasa hii ama ile ya kwanza? Nikawa najibu zote ziko sawa. Sikutaka kumsumbua. Ametoa moja kwenye sanduku lake, ameifuta, ameichomeka, halafu nimwambie si nzuri?

Akaacha kazi akaniangalia. "Hapa hatutafuti adabu," akasema. "Tunatafuta unachoona. Ikiwa mbaya sema mbaya, mimi sichukii."

Nikasema hiyo ni mbaya. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Mama akacheka kule nyuma. Kuanzia hapo tukaenda haraka: mbaya, nzuri, hiyo mbaya, hiyo nzuri zaidi. Sidhani kama nimewahi kumkatalia mtu mzima mara nyingi hivyo na nikashukuriwa. Mwishowe akanipeleka dirishani bado na kile chuma usoni. Chini barabarani mwenye kuuza mahindi alikuwa anakuna mgongo kwa mwiko wake. Niliona mwiko. Niliona anauangalia, halafu anaurudisha kwenye mahindi. Sijanunua mahindi yake tangu siku hiyo.

Mama aliuliza kama miwani itayafanya macho yangu kuwa mavivu, kwa maana hivyo ndivyo alivyosikia. Dada akasema hapana, na kwamba macho yangu yalikuwa yakifanya kazi ya kubahatisha kutwa nzima, ndiyo yaliyochoka. Zamani, aliongeza, angetuma vipimo mjini na tungengoja. Sasa lenzi zinakatwa hukohuko nyuma, za plastiki, nyepesi, ukiziangusha hazivunjiki kirahisi. Akaniambia nichague fremu. Nikachagua ya kahawia kwa sababu haisemi kitu.

Tuliichukua Ijumaa jioni. Nyumbani baba aliishika kama anavyoshika kazi ya fundi mwingine, akafumba jicho moja, akaiangalia kwa urefu. Akasema imenyooka. Kisha akanitaka nivae nimwambie rafu aliyoipigilia ukutani Krismasi inaonekanaje toka mlangoni. Nikamwambia imelala upande wa kulia. Baba akaitazama muda mrefu, akamwambia mama kwamba hii miwani irudishwe. Kwenye ngazi watoto walishaanza: macho nne, macho nne. Mama wa viazi karai akaniashiria toka chini, nikamwashiria. Mwiko ukabaki juu hewani, mafuta yakimdondokea mkononi. Hakuniita Madharau. Hakuniita chochote.

Mama akachukua simu ampigie habuba amweleze. Nikamshika mkono. Nilimwambia asimwambie, na alipouliza kwa nini, nikasema jambo lenyewe lilikuwa salamu, na salamu haitumwi kupitia kwa mtu mwingine kama mimi mwenyewe nina miguu. Aliniangalia kana kwamba sauti imetoka kwa mwingine. Akaiweka simu chini.

Asubuhi yake nilitoka mapema. Sikwenda moja kwa moja nyumbani kwa habuba. Nilijua Jumamosi hupenda kuwahi mboga kabla hazijanyauka, kwa hivyo nilikwenda barabara ileile ya Ayany, nikasimama upande uleule.

Kitu cha manjano kilikuwa pale. Nikakiangalia, na ndani ya manjano kulikuwa na leso yenye maua meusi, na juu ya leso uso, na uso ulikuwa unabishana na mama mboga juu ya nyanya. Habuba ana kidoti kando ya pua. Nimelala mapajani mwake nikiwa mtoto, najua kidoti hicho kwa karibu, lakini sikujua kwamba kinaonekana ng'ambo ya barabara.

Akainua kichwa. Akaniona. Najua aliniona, kwa sababu niliona macho yake yakinifikia na kusimama. Halafu yeye ndiye akageuza shingo, akazirudia nyanya.

Ningeweza kuvuka kimyakimya nikamshike mkono. Lakini aliniita akiwa ng'ambo, na nilimpita akiwa ng'ambo.

"Salaam aleikum, habuba!"

Sijawahi kupaza sauti barabarani. Mama mboga aliinuka. Vijana wa bodaboda wote waligeuka, na mmoja akajibu, "Aleikum salaam, mwalimu," wenzake wakacheka. Nikaita tena, na safari hii nikaongeza nyanya hizo usichukue, za chini zimepondeka. Kwa sababu zilikuwa zimepondeka, na nilikuwa naziona.

Habuba akaziweka nyanya chini.

Nilivuka. Hakunijibu salamu. Aliivua miwani usoni mwangu kwa mikono miwili, akajivika, akayumba, akasema inazungusha dunia. Akaivua. Barabara yote ikarudi kuwa rangi.

"Bila hii," akauliza, "pale uliposimama, unaona nini hapa nilipo?"

"Manjano."

"Manjano tu?"

"Manjano tu, habuba."

Akaitazama miwani mkononi mwake. Kisha akanirudishia miwani, akaiweka mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine, nyuma ya masikio yangu, kama mtu anayemfunga mtoto ushungi.

"Ungeniambia," akasema. "Ningekunong'oneza."

Tulirudi nyumbani, yeye na sukuma wiki, mimi na nyanya nyingine nilizochagua mimi. Njiani alisalimia watu toka mbali sana, akijionyesha, na mimi nikawasalimia baada yake. Mara moja nilimtangulia. Tulipofika nilivua viatu, nikaketi sebuleni kwenye ule mkeka wa harusi, kwa kuwa sikujua kama mambo yamebadilika, na sikutaka kudhani.

Habuba alipita na mboga zake akielekea uani. Akasimama.

"Unangoja nani akuhudumie?" akasema. "Chai iko jikoni, na sufuria zinakungoja."

Nikainuka, nikachukua kile kikombe kilichovunjika mkono, nikajimiminia.